Kupunguzwa Tumbo Ukiwa Kijana: Majibu kwa Wasomaji wa Malindi na Lamu

Barua za mwezi huu zimetoka pwani ya kaskazini, na nyingi zinauliza kuhusu operesheni ya kupunguza tumbo la chakula. Tumezifupisha na kuacha majina. Wanaojibu ni jopo letu la afya: daktari wa upasuaji, mtaalamu wa lishe na muuguzi wa wodi.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Maweni, Malindi. Nina kilo 118 na urefu wa sentimita 162. Magoti yananiuma, hedhi huja ikitaka, na mama ana kisukari. Nimeacha wali, nimekunywa maji ya ndimu, nimekwenda jimu miezi 7. Nilipungua kilo 9, zikarudi 12. Sasa nataka kukatwa tumbo. Shangazi anasema nitakuwa mgonjwa maisha yangu yote. Je, nafaa? Na wanakata nini hasa?

JIBU: Waalaykumu salaam, binti yetu. Tuanze na hesabu. Chukua urefu wako kwa mita, 1.62, uzidishe kwa 1.62, upate 2.62. Kisha gawanya kilo 118 kwa 2.62. Jibu ni 45, na hicho ndicho kipimo cha BMI. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa mkubwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vilishusha kiwango: 35 inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine, na mwenye 30 hadi 34.9 aweza kufikiriwa ikiwa ana kisukari. Kwa namba, unafaa. Ila namba peke yake haimfikishi mtu kwenye meza ya operesheni.

Kwanza itafutwe sababu. Daktari apime tezi ya shingo, sukari ya miezi 3 na homoni, maana hedhi inayoruka pamoja na unene mara nyingi ni dalili ya tatizo la vifuko vya mayai ambalo lina tiba yake. Mwambie dawa zote unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 huwaongezea baadhi ya wanawake kilo, na vidonge vya prednisolone na baadhi ya dawa za akili hufanya vivyo hivyo. Kuna mtu aliyebadilisha kutoka sindano hadi koili na hakuhitaji kisu.

Kilo 9 zilizokwenda na 12 zilizorudi si uvivu. Mwili ukipungua hutoa homoni ya njaa kwa wingi na kupunguza nguvu unazochoma hata ukiwa umelala. Operesheni hufanya kazi kwa sababu inavuruga mpango huo, si kwa sababu tu tumbo limekuwa dogo.

Sasa wanakata nini. Operesheni inayofanywa zaidi siku hizi hospitalini huitwa slivu, yaani mkono wa nguo, na ukitaka kuiona fikiria mkono wa kanzu. Tumbo la chakula ni kama mfuko uliotuna upande wa kushoto. Daktari hupitisha kamera na vyombo kwenye matundu madogo, 5 hivi, kisha mashine hukata na kushona kwa wakati mmoja kwa safu za pini ndogo za titani. Sehemu iliyotuna, kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, hutolewa nje. Unabaki mrija mwembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza homoni ya njaa kwa wingi, ndiyo maana wengi husema miezi ya mwanzo hata harufu ya pilau haiwasumbui. Kilichotolewa hakirudishwi.

Ya pili ni baipasi. Juu ya tumbo hutengenezwa kijifuko cha mililita 30 hivi, utumbo mwembamba hukatwa na ncha yake kuungwa na kijifuko hicho. Chakula huruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo, mahali ambapo madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi. Hupunguza uzito kidogo zaidi ya slivu na huwasaidia zaidi wenye kisukari, lakini deni lake la vitamini ni kubwa.

Uchague ipi? Kwa maoni yetu swali la kwanza ni kiungulia. Mwenye kiungulia cha kila usiku akifanyiwa slivu huenda kikazidi, maana mrija una shinikizo kuliko mfuko. Huyo baipasi humfaa zaidi. Ndiyo maana usikubali operesheni bila kupitishiwa kamera kooni kwanza na kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo. Baada ya baipasi, tumbo lililorukwa si rahisi kulifikia tena kwa kamera ya kawaida.

Matokeo: slivu huondoa takriban robo ya uzito wote katika mwaka 1 hadi 2, baipasi karibu asilimia 30. Kwako wewe ni kushuka hadi kilo 88 au 83 hivi. Hutakuwa mwembamba, na miaka ya baadaye kilo kadhaa hurudi. Ngozi ya mikono na tumbo italegea, na nywele hupukutika kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha huota. Kupungua haraka pia huleta mawe kwenye mfuko wa nyongo, kwa hiyo madaktari wengi hutoa dawa ya kuyazuia kwa miezi 6.

Hatari: mshono huvuja kwa takriban mtu 1 kati ya 100, kuna kutoka damu, kuna damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni, na katika hospitali zenye uzoefu hufa takriban mtu 1 kwa kila 1,000. Ni kama operesheni nyingine kubwa za tumbo, si kama kung'oa jino.

Shangazi hakukosea kabisa. Utameza vitamini na kupima damu kila mwaka hadi uzeeni, na wewe una miaka 23 tu. Utafiti wa Marekani uitwao Teen-LABS ulilinganisha waliofanyiwa baipasi wakiwa na miaka 13 hadi 19 na watu wazima walionenepa tangu ujana. Baada ya miaka 5 vijana walikuwa wamepungua asilimia 26 na wakubwa 29, karibu sawa. Kisukari kilitoweka kwa asilimia 86 ya vijana waliokuwa nacho, na 53 tu ya wakubwa. Huo ndio uzito wa hoja ya kufanya mapema. Lakini baada ya miaka 2, akiba ya chuma ilikuwa imeshuka kwa asilimia 48 ya vijana, ikilinganishwa na 29 ya wakubwa. Kijana husahau vidonge, na msichana hupoteza damu kila mwezi. Kama unajijua huwezi kumaliza dozi ya siku 3 ya dawa ya malaria, ungoje kwanza.

Usichanganye operesheni hii na kunyonya mafuta. Kule ni urembo, hakutibu kisukari wala njaa. Na kabla ya kulipa chochote, hakikisha jina la daktari na la hospitali yamo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, ambayo iko wazi kwenye tovuti yao. Muulize amefanya ngapi mwaka huu, nani atakupokea usiku wa manane mambo yakiharibika, na kama bei inajumuisha kurudishwa chumba cha upasuaji na siku za ICU. Swali hilo la mwisho ndilo wagonjwa wengi hulisahau, na ndilo linalouza mashamba ya watu. Kama una SHA, yaani bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini, dai jibu la maandishi kabla ya tarehe, si la simu.

SWALI: Nina miaka 27, mkazi wa Mkomani, Lamu. Tarehe yangu ya slivu ni mwezi ujao, Nairobi. Naweza kurudi nyumbani baada ya siku ngapi? Chakula chetu chote ni nazi, nitakula nini? Na Ramadhani je?

JIBU: Ndugu yetu, kazi yako inaanza wiki 2 kabla. Ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta na limelala juu ya tumbo, na daktari lazima alinyanyue ili aone. Likiwa kubwa na laini hupasuka na kuvuja damu, au daktari huahirisha akiwa ameshakufungua. Ukila kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga ukiwa kidogo mno, ini husinyaa. Kwa lugha ya jikoni: hakuna wali, mahamri, mkate wa mofa, soda wala sharubati. Kula samaki wa kuchoma, mayai, mtindi usio na sukari, mchicha na bamia. Kama unameza dawa za kisukari, dozi ishushwe wiki hizo, la sivyo sukari itaporomoka. Sigara iachwe wiki 6 kabla.

Kurudi Lamu: kaa Nairobi, karibu na hospitali, wiki 2 nzima. Mshono ukivuja, mara nyingi huvuja ndani ya siku hizo, na kutoka kisiwani hadi kwa daktari anayeweza kuutibu ni boti hadi Mokowe kisha zaidi ya kilomita 200 kufika Malindi, na hata hapo bado hujamfikia daktari huyo. Jifunze kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika 1. Yakizidi 120 umekaa kimya, au ukipata homa, maumivu ya bega la kushoto, tumbo linalozidi kuuma au pumzi fupi, usingoje asubuhi. Moyo kwenda mbio mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza, huja kabla ya homa. Wakati wa kurudi, ndege hadi Manda ni bora kuliko basi. Ukilazimika kwenda kwa nchi kavu, treni hadi Mombasa hukuruhusu kutembea kwenye njia ya katikati, na kwenye basi shuka kila linaposimama. Choma sindano za kuzuia damu kuganda kama ulivyoandikiwa, hata ukijiona mzima.

Chakula. Siku 1 au 2 za kwanza ni maji na supu iliyochujwa tu, mililita 30 kwa mara moja, yaani vijiko 2 vya mezani, kwa kufyonza taratibu. Hadi mwisho wa wiki ya 2 ni vya majimaji: maziwa, mtindi mwepesi, supu ya samaki iliyochujwa, uji mwembamba wa maziwa. Dafu ni zuri kwa funda, ila usilihesabu kama chakula. Wiki ya 3 na 4 chakula kinapondwa kama cha mtoto: changu aliyechemshwa na kuondolewa kila mwiba, yai, mbaazi zilizosagwa. Wiki ya 5 na 6 ni vyakula laini. Kuanzia hapo rudi polepole kwenye sinia la nyumbani, lakini uwe na sahani yako mwenyewe. Kula kwenye sinia moja na wenzako humfanya mtu akimbize mwendo wa wengine, na mwendo wako sasa ni dakika 20 hadi 30 kwa vijiko vichache.

Pweza na ngisi viache hadi miezi 3 angalau. Hata vikiiva vizuri hubaki kama mpira, hukwama kwenye mrija na kutapisha. Mkate laini na wali unaoshikana hufanya donge vivyo hivyo. Nazi hukatazwi, ila pikia tui jepesi na uwaachie wengine kasimile, kwa kuwa vijiko vichache vya tui zito vina kalori za mlo mzima na hupita kwa urahisi mno.

Lengo la protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Mayai 2, maziwa nusu lita, kipande cha samaki cha gramu 120 na nusu kikombe cha maharagwe hufika 60. Anza na samaki, malizia wali kama nafasi imebaki. Usinywe pamoja na chakula, ungoje dakika 30, kisha unywe kidogo kidogo hadi ufikishe lita 1.5 kwa siku. Joto la Lamu halisamehe: wengi wanaorudishwa hospitali mwezi wa kwanza ni kwa kukaukiwa maji tu.

Vidonge ni multivitamini kila siku, kalsiamu sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 ikigawanywa mara 2 au 3, vitamini D yuniti 3,000, na B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa kidonge, au sindano ya 1,000 kila mwezi. Chuma kiachane na kalsiamu kwa saa 2, na kisimezwe na chai, maana chai hukifunga kisifyonzwe. Mtu wa Lamu anayekunywa chai mara 4 kwa siku anapaswa kuandika ratiba hii na kuibandika jikoni. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Ukiumwa kichwa meza paracetamol. Ibuprofen, diclofenac na aspirini huchimba vidonda, na aspirini imo ndani ya vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa rejareja madukani, kwa hiyo soma pakiti.

Ukitapika kila siku kwa zaidi ya wiki, nenda hospitali na useme neno moja: thayamini. Ni vitamini B1. Ikiisha, macho hucheza, miguu huyumba na ubongo huharibika. Ipewe kwanza, kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi huimaliza ile iliyobaki.

Ramadhani ya kwanza usifunge, na madaktari wengi hutaka miezi 12 hadi 18 ipite. Ruhusa ya mgonjwa kulipa siku nyingine imo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Nenda kwa sheikh wako na barua ya daktari mkononi. Ukishapata idhini ya kufunga, futuru kwa funda za maji na tende 1, si 7. Baada ya robo saa, supu ya samaki, halafu samaki mwenyewe. Kaimati, halwa na sharubati ya embe kwenye tumbo kama lako huporomoka utumboni kwa kishindo, utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu, na ndani ya nusu saa moyo unadunda, jasho linatoka na unatafuta pa kulala. Saa 1 hadi 3 baadaye sukari hushuka na mikono hutetemeka. Hali hii huwapata zaidi wa baipasi, lakini wa slivu nao huionja. Kati ya magharibi na alfajiri una saa 10 hivi za kumaliza lita 1.5, kwa hiyo chupa iende nawe tarawehe.

SWALI: Mwanangu ana miaka 17 na kilo 131, anakoroma mpaka nyumba ya jirani. Nataka afanyiwe, yeye hataki. Nimlazimishe? (Mama, Langoni)

JIBU: Hapana, mama. Umri si kizuizi: chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimeunga mkono operesheni hii kwa vijana wenye unene mkubwa tangu 2019. Lakini atakayetafuna taratibu na kumeza vidonge kwa miaka 50 ni yeye, na asiyetaka huharibikiwa mapema. Kukoroma ndiko kusingoje. Usiku mmoja msikilize: akikatika pumzi kisha akashtuka kama anayezama, apelekwe kupimwa usingizi, kwa sababu mtu kama huyo yuko hatarini hata kwa nusu kaputi ya operesheni nyingine yoyote. Mashine ya kumpulizia hewa usiku hutibu, na mtoto anayelala vizuri hushindwa na njaa kidogo kuliko anayesinzia darasani.

SWALI: Rafiki anauza sindano za Ozempic bila boksi, anasema ni bora kuliko kukatwa. Kweli? (Barani, Malindi)

JIBU: Dawa ni ya kweli, ya rafiki yako usiiguse. Semaglutide, ndiyo dawa iliyomo ndani ya Ozempic, kwa dozi ya miligramu 2.4 kwa wiki, iliwapunguza watu asilimia 15 hivi katika wiki 68. Ni nusu ya baipasi, lakini si haba, na kwa mwenye BMI ya 30 hadi 35 tungeanza nayo kabla ya kisu. Ukiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi, kwa hiyo piga hesabu ya bei kwa miaka, si kwa mwezi. Kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyozunguka Malindi mfukoni huenda imeharibika bila kubadilika rangi. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutide bandia, na kalamu isiyo na boksi wala namba ya toleo haiwezi kuthibitishwa na yeyote.

SWALI: Nilifanyiwa baipasi miezi 8 iliyopita, nimeolewa hivi karibuni, nikawa nameza vidonge vya uzazi wa mpango. Hedhi imeruka wiki 3. (Shella, Malindi)

JIBU: Pima mimba leo, dada. Kupungua hurudisha yai kwa wanawake wengi waliokuwa hawashiki, na vidonge baada ya baipasi haviaminiki vya kutosha. Koili au kijiti ndivyo tungekushauri. Tunapendelea miezi 12 hadi 18 ipite, kwa sababu mtoto hukua vibaya mama anapokuwa bado anaporomoka uzito, lakini mimba za mapema nyingi huenda salama zikifuatwa kwa karibu. Anza foliki asidi mara moja na muulize daktari kama dozi yako iwe miligramu 5, kwani wenye BMI ya 30 na zaidi hupewa hiyo. Vitamini A ya retinoli ibadilishwe na beta-karotini. Chuma, B12 na kalsiamu zipimwe kila miezi 3. Kliniki ikitaka kukunywesha glukosi kupima kisukari cha mimba, kataa kwa adabu na ueleze baipasi. Glukosi hiyo itakuangusha, na kipimo cha kidole nyumbani kwa wiki moja, kati ya wiki ya 24 na 28, kinatosha.

Andika neno baipasi juu ya kadi yako ya kliniki kwa wino mwekundu. Mimba ikikua husukuma utumbo, na utumbo uliounganishwa upya waweza kupenya kwenye mwanya na kujinyonga. Maumivu makali ya tumbo la juu, hasa yanayokuja na kuondoka baada ya kula, si kiungulia cha mimba mpaka daktari wa upasuaji aseme hivyo. Nenda siku hiyo hiyo.